Springi Haziogi Siki

Ukitaka kumpata Mama Siki, ifuate pua yako. Pita maduka ya vipuri vya zamani, wapite wachomeleaji na cheche zao, halafu ingia kichochoro chembamba kati ya kuta mbili. Pale harufu itakapokukaba koo, umefika. Utamkuta uani nyuma ya duka, kakaa kwenye kigoda, mgongo kaukunja, mikono imezama ndani ya beseni hadi karibu na viwiko.

Kazi yake ni kutoa kutu. Boliti, bawaba za milango, vifuniko vya taa, vishikio, mabano, chochote kilichotolewa kwenye gari bovu na ambacho mwenye duka anaamini bado kinauzika. Hana mashine wala dawa kali. Vitu vyake vyote ni vya jikoni: siki nyeupe kwenye madumu, malimau yaliyoanza kunyauka ambayo muuza matunda humpa kwa bei ya kutupa, chumvi, magadi, sabuni ya mche. Kutu nyepesi huisugua kwa nusu ya kiazi kilichopakwa sabuni. Vyuma vinavyotakiwa kung'aa huvipitishia karatasi ya foili ya jikoni, aliyoifinyanga ikawa donge. Kila kinachotoka kwenye siki hukiosha kwa maji ya magadi, maana ukikiacha na siki yake, kabla jua halijazama kimeshaota kutu upya, nyekundu kama nyanya. Halafu hukianika kwenye bati, na kikikauka hukipaka mafuta ya cherehani kwa kitambaa.

Wachomeleaji hawakosi la kusema.

"Mama Siki, wewe ukifa hutaoza. Umeshahifadhiwa!"

"Nitawazika nyinyi wote, mbwa nyinyi," huwajibu bila kuinua uso, nao hucheka, na siku huendelea.

Lakini jioni vidole vinapopasuka na siki ikaingia kwenye mipasuko, hakuna kicheko. Huvitia mafuta ya kupikia, huvifunga vitambaa, akalala hivyo hivyo. Ameshazoea. Kuzoea si kupona.

Kazi hii hakuitafuta. Alifundishwa na mumewe, yule ambaye watu wa mtaa ule humwita Fundi, bila kuongeza neno, kana kwamba hakuna fundi mwingine chini ya jua. Zamani, walipokuwa wangali pamoja, Fundi alinunua gari lililokufa. Lilikuwa bodi tu na mzigo wa vyuma vyekundu ndani ya magunia. Fundi akasema watalifufua. Mchana alikuwa na kazi za watu, kwa hiyo aliyebaki na magunia alikuwa mkewe. Miaka na miaka jiko lake lilikuwa karakana. Alipika upande mmoja, upande wa pili boliti zimelowekwa kwenye sufuria. Watoto walijifunza kutambaa huku wakikwepa visahani vya siki. Fundi alimwonyesha kipi kilowekwe na kipi kisilowekwe, na jambo moja alilirudia mpaka likamwingia kichwani lisitoke.

"Boliti ni ng'ombe, iogeshe utakavyo. Springi ni paka. Springi haziogi siki. Siki inaingia ndani ya kile chuma kigumu na kukitia ukavu. Kwa macho utaona inang'aa, lakini ndani imekuwa kijiti. Siku ukiitegemea, inakatika."

Springi alizipiga brashi tu, kwa mafuta ya taa, moja moja, kwa subira.

Gari likakaribia kuisha. Likabaki kushonewa viti. Akaitwa mwanamke mmoja, fundi cherehani, aje kupima. Mama Siki mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango na kumpa maji ya kunywa. Baadaye, watu walipomuuliza ilikuwaje, alikuwa akijibu: "Alikuja kupima kiti, akakikalia."

Maana siku gari lilipowaka kwa mara ya kwanza, mtaa mzima ukatoka kupiga makofi, Mama Siki aliingia ndani kuoga na kubadili nguo. Alitaka kukaa kiti cha mbele akiwa safi, walau siku hiyo moja asinuke siki. Alipotoka, gari halikuwapo. Liliondoka na mshona viti kiti cha mbele. Liliporudi, lilirudi kuchukua nguo za Fundi.

Pale mlangoni ndipo alipomwambia: "Ukivuka kizingiti hiki, sauti yangu hutaisikia tena."

Akavuka.

Na kweli hakuisikia. Msibani kwa mama yake Fundi, Mama Siki alikaa chumba kimoja naye, akalia na wenzake, akapika, akaosha vyombo, asimpe hata salamu. Harusini kwa binti yao, Fundi aliongea naye mbele za watu, akamwita mama watoto, na yeye akamtazama kama anayetazama ukuta. Watu wakazoea. Wengine walimsifu, wengine walimwona ana roho ya chuma. Yeye alijua kitu kimoja tu: nyumba ilikuwa ya kupanga, gari liliondoka, ujana uliisha jikoni. Kimya ndicho kitu pekee ambacho Fundi hakukichukua. Alikitunza kama wengine wanavyotunza dhahabu.

Sasa, Mama Siki hakwenda shule hata siku moja. Wenzake wangeandika kwenye mabeseni kipi ni kipi. Yeye alitumia vitambaa. Beseni lililofungwa kitambaa cheupe lilikuwa la siki. Cheupe chenye fundo maana yake chuma kimeshatosha, kitolewe. Cha bluu, magadi. Na chekundu kilikuwa cha springi na vitu vingine vya hatari, vilivyokaa kwenye mafuta ya taa vikingoja mkono wake na si mkono wa mtu mwingine. Mwenye duka alivijua vitambaa hivyo. Hata wachomeleaji, waliokuja kuiba malimau, walijua wasisogelee chekundu.

Aliyekuwa hajui ni mke wa mwenye duka.

Huyu alikuwa mama mwema, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Alipenda usafi kupita kiasi. Mtaani walimwita Mama Ufagio. Uani kwa Mama Siki alikuwa hakanyagi, harufu ilimpa kichefuchefu. Ila binti ya Mama Siki alijifungua, na Mama Siki akaenda kumwangalia kwa siku kadhaa. Mama Ufagio akaona hapo ndipo pa kumsaidia mwenzake.

Mama Siki aliporudi, asubuhi, usingizi bado umemlemea machoni kwa kubeba mjukuu, alisimama kwenye mdomo wa ua akadhani amekosea nyumba. Sakafu imesuguliwa. Mabeseni yamepangwa kwa ukubwa, yamefunikwa. Na kwenye kamba, vimebanwa kwa vibanio, vitambaa vyake vyote vinapepea, safi, vimenyooka, vinanukia sabuni.

"Karibu, bibi mjukuu!" Mama Ufagio alitoka dukani, ufagio kwapani, akifuta mikono. "Wote wazima? Mtoto ananyonya?"

"Wazima. Dada, vitambaa vyangu umevifanya nini?"

"Nimekufulia! Vilikuwa vinanuka, vimegandamana, hadi aibu. Mtu anafungaje matambara kwenye vyombo kama mguu wenye kidonda?"

Mama Siki alianza kuyafunua mabeseni, moja moja.

"Kulikuwa na beseni lenye springi. Kwenye mafuta ya taa."

"Ah, yale mafuta niliyamwaga. Mtu na akili zake anaacha mafuta ya taa uani, karibu na wachomeleaji? Mtatuchoma. Zile springi nikazitia na vyuma vingine kwenye siki, nikaziacha zilale humo, nikaziosha na magadi kama ninavyokuona ukifanya toka dirishani. Dada, zilivyotoka! Zinang'aa kuliko kitu chochote ulichowahi kutoa hapa. Mume wangu mwenyewe kashangaa." Alicheka. "Zimeshauzwa."

"Zimeuzwa kwa nani?"

Kicheko kikapungua. Mama Ufagio aliutazama ufagio wake.

"Kwa yule... baba watoto wako. Analifufua tena lile gari lake. Kesho wanasafiri, yeye na mkewe, wanakwenda kumleta mama mkwe."

Mama Siki aliketi kwenye kigoda. Zile zilikuwa springi za breki, vijispringi vinavyovirudisha viatu vya breki mahali pake dereva akiondoa mguu. Moja ikikatika, kipande kinaweza kunasa ndani, gurudumu likajifunga gari likiwa mbioni. Na barabara ya kwenda kwa mama mkwe wa Fundi aliijua. Ilikuwa mteremko na kona, mteremko na kona.

Alimfuata mwenye duka mbele, kwenye kaunta, akamweleza. Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeogopa mambo mawili duniani: mkewe na mteja anayerudisha kitu.

"Mama, ziliuzwa zikiwa nzuri. Nilizivuta mwenyewe kwa mkono."

"Zitavutika leo. Kukatika ni siku nyingine, wala hazitakupigia hodi."

"Sasa nimwambieje mtu? Kwamba mke wangu kaziharibu?" Alishusha sauti. "Na ukisema wewe, watu watasema nini? Watasema yule mama bado ana kinyongo, anataka kumkwamisha mwenzake safari. Achana nalo. Zimekaa kwenye siki usiku mmoja tu. Siki ni kitu cha saladi, mama. Si sumu."

Akarudi uani. Aliokota vitambaa vyake kwenye kamba, kimoja kimoja, akavikunja mapajani. Alimwendea mchomeleaji mmoja, yule mwenye kelele, amtume kwa Fundi. Mchomeleaji akasikiliza, akacheka mpaka akavua miwani yake ya kazi.

"Mama Siki! Mpaka leo hujamsamehe? Basi mpige tu kofi yaishe, usimsingizie springi."

Mchana akaenda kwa wifi yake, dada wa Fundi, ambaye aliuza mkaa hatua chache kutoka pale. Wifi ndiye mtu pekee wa upande ule aliyebaki kuwa wake. Siku kaka yake alipoondoka, wifi alikuja na mkeka wake akalala kwa Mama Siki, akamwambia: "Kaka yangu ni mpumbavu, lakini mimi sikukuacha."

"Mpigie simu," Mama Siki akasema. "Mwambie asifunge zile springi."

"Mwambie mwenyewe, wifi. Si ndiyo nafasi?"

"Mpigie."

Wifi alipiga, akaweka sauti ya nje ili mwenzake asikie. Fundi alipokea kwa furaha. Wifi akamweleza. Upande wa pili kikaja kicheko, kile kicheko chake cha kohoo ambacho Mama Siki alikuwa akikisikia mtoni, sokoni, popote, na kugeuza njia.

"Amekutuma wewe? Dada, mwambie nimeziona springi. Zinang'aa kama pete. Mwambie wivu hautengenezi breki." Na kwa mbali, akimwambia mtu aliyekuwa naye: "Eti springi! Miaka yote hii, leo ndiyo kaona springi."

Wifi alikata simu upesi, lakini mwenzake alikuwa ameshasikia. Alijishughulisha kupanga mkaa ambao ulikuwa umeshapangwa.

"Umesema, wifi," hatimaye alisema. "Umefanya sehemu yako. Mwenye masikio kasikia."

Mama Siki alikwenda nyumbani. Hakuwasha moto, hakula. Alikaa kitandani na viatu vyake. Alikuwa amechoka, si uchovu wa siku ile. Ule uchovu wa zamani, unaokaa kwenye mifupa kama kutu ya ndani ambayo beseni haliifikii. Akajiambia: basi. Mimi sikuzitia kwenye siki. Mimi sikuziuza. Nimepitia kwa watu watatu, na mwenyewe akanicheka. Nilale.

Akajilaza. Akawaona ndani ya lile gari, yeye kashika usukani, mshona viti kiti cha mbele, mkoba mapajani. Akaliona gari linaanza kushuka mteremko. Na hapo alitegemea kusikia kitu moyoni, hata kama ni furaha chafu kidogo ambayo mtu humwomba Mungu amsamehe. Hakikuja kitu. Hakukuwa na huruma, hakukuwa na furaha. Kulikuwa na kitu kama hesabu isiyokubali kukaa sawa. Kwa miaka yote kimya chake kilikuwa chake, hakina doa, hakijamdhuru mtu. Kuanzia kesho kingekuwa kimya cha mwanamke aliyejua akanyamaza. Yule mtu angekuwa amekichukua na hicho.

"Mpumbavu," alisema peke yake chumbani. Hakujua anamsema nani. Akashuka kitandani.

Jua lilikuwa bado liko juu alipofika kwa Fundi. Ulikuwa ua mdogo wenye ukuta wa matofali ambao haukupakwa rangi. Lile gari lilikuwa katikati, mbele limenyanyuliwa kwa jeki na mawe. Alikuwa hajalikaribia hivyo tangu liondoke mlangoni kwake. Rangi ilikuwa imebabuka, kutu imekula chini ya milango. Kiti cha mbele kilikuwa kimetolewa, kimewekwa chini kivulini, na kando yake alikaa mshona viti na sindano kubwa, akishona upande uliochanika.

Mshona viti alimwona, sindano ikasimama hewani. Alikuwa amenenepa, amepata miwani. Wote wawili walikuwa wamezeeka, na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake.

Chini ya gari ilionekana miguu ya Fundi, ndala zimelika kisigino.

Mama Siki alifungua mdomo. Maneno aliyokuwa ameyaandaa njia nzima yakapotea, yakabaki yale ya kazi.

"Zitoe hizo springi."

Miguu ikatulia.

"Nani huyo?" Fundi aliuliza kutoka chini.

Mama Siki alimtazama mshona viti, na mshona viti akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza wanawake wale wawili walielewana kabisa bila kusema neno.

"Nani? We mama nanii, nani kaja?"

"Toka huko," mshona viti alimwambia mumewe. "Utamwona."

Fundi hakuitambua. Sauti ambayo Mama Siki aliificha kwa miaka yote ile, aliyoinyamazisha msibani, aliyoimeza harusini kwa mtoto wake mwenyewe, yule mtu alikuwa ameshaisahau. Kimya kile hakikuwa adhabu kwake. Hakuwa ameikosa hata kidogo. Mama Siki alitaka kucheka, lakini kicheko nacho kinataka nguvu.

Fundi alijivuta nje kwa mgongo, uso umejaa grisi. Alipomwona alikaa pale pale chini, akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mama watoto."

"Springi zimelala kwenye siki. Usiku mzima. Nilikuwa kwa mtoto, vitambaa vyangu viliondolewa. Zitoe."

"Nimeshafunga kila kitu. Nimeshajaribu breki, inashika vizuri kabisa." Alianza kurudiwa na ujanja wake. "Na mimi si mgeni wa vyuma. Springi mbovu naijua."

"Kazi ya kufungua ni ya muda mfupi."

"Kwa nini nifungue? Kwa sababu umekuja leo, siku moja kabla ya safari ya—"

"Fungua tairi," mshona viti akasema.

"Mama nanii, wewe huelewi haya mambo."

"Sielewi. Ila mama huyu hajakusemesha tangu nikujue. Hakukusemesha hata ulipofiwa. Leo kaja kwa miguu yake kukuambia habari ya springi. Fungua tairi, au mimi kesho siendi."

Fundi alifungua, shingo upande, akinung'unika kila nati. Aliondoa tairi, akagonga ngoma ya breki mpaka ikaachia, akazichomoa springi mbili kwa koleo. Kweli ziling'aa. Hata Mama Siki, anayejua, alizionea fahari kwa nukta moja, kama mtu anayeona mtoto wa jirani kavaa nguo nzuri.

Fundi aliibana ya kwanza kwenye jiriwa, kile chuma chake cha kubania vitu, akaishika ncha kwa koleo, akavuta. Ikavutika. Akaiachia, ikarudi. Akavuta tena, kwa nguvu, mishipa ikamsimama shingoni. Ikarudi vizuri, kama mpya.

Akageuka polepole, uso umeanza kuchanua.

"Haya. Umeona mwenyewe. Sasa, mama watoto, kama ulikuwa na neno jingine la kuniambia, kaa tu uliseme. Hakuna haja ya kupitia kwenye springi."

Jirani aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta aliguna. Mama Siki alihisi moto ukimpanda kutoka miguuni hadi masikioni. Kumbe ndivyo itakavyosimuliwa: alikuja mwenyewe, na kisingizio mkononi. Angeweza kuondoka. Miguu ilikuwa imeshageuka nusu.

"Ya pili," alisema.

"Zote ni sawa."

"Basi hutapoteza kitu. Ya pili."

Fundi akaibana ya pili, akitabasamu, akavuta kwa mkono mmoja tu, kwa dharau, huku anamtazama jirani.

Ta!

Hakuwa ameivuta hata nusu. Kipande kiliruka, kikagonga sufuria iliyoanikwa ukutani, kikaangukia vumbini. Fundi alibaki na koleo mkononi, na ndani ya koleo kijipande kidogo kama jino. Alikigeuza, akakiangalia pale kilipokatikia. Hakikupinda wala kunyooka. Kilikatika kama kijiti kikavu.

Jirani alishuka ukutani.

Mshona viti aliinua kipande kilichoanguka, akakiweka kiganjani, akakitazama muda mrefu kupitia miwani yake. Halafu akaisukuma pembeni mizigo iliyokuwa tayari imefungwa, mfuko wa nguo na dumu la maji.

"Kaa, dada," alimwambia Mama Siki. "Umetembea mbali. Kaa unywe maji."

Mahali pa kukaa palikuwa pamoja tu: kile kiti cha mbele, kilichowekwa chini kivulini. Siku nyingine Mama Siki angekufa kwa kiu akiwa wima. Lakini alikuwa amechoka. Akakaa.

Kilikuwa kigumu. Waya wa ndani ulimchoma paja, ikabidi asogee, na alikosogea kulikuwa na shimo. Miaka yote ile alikuwa amekilia kiti hiki usiku na mchana. Alikunywa maji yake, akarudisha kikombe.

Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya jiriwa. Alikohoa. Mama Siki alijua anatafuta neno, na kwa pumzi moja tu, bila kupenda, alilingoja.

"Unaona?" Fundi alisema hatimaye, akitikisa kichwa kwa aina fulani ya fahari. "Nilikufundisha vizuri."

Mshona viti alifumba macho.

Mama Siki alisimama, akakung'uta gauni lake.

"Ulifundisha," alisema, akaondoka.

Kesho yake aliwahi uani kama kawaida. Mwenye duka alikuwa amenuna, kwa sababu Fundi alishafika alfajiri kurudisha springi zote na kudai nyingine, akasimulia mtaa mzima jinsi yeye alivyougundua ubovu wa springi. Mama Ufagio alikuwa amelia, macho mekundu, na kama dawa ya kosa lake alikuwa ameleta chaki. Juu ya kila beseni aliandika kwa mwandiko mzuri, wa mviringo, jina la kila kitu kilichomo.

"Sasa hakuna wa kukosea tena," alisema kwa unyenyekevu. "Unaona, dada? Hata mgeni atajua."

Mama Siki aliutazama ule mwandiko. Kwake ulikuwa kama nyayo za kuku.

"Asante, dada," alisema. "Mungu akubariki."

Mama Ufagio alipoingia ndani, akatoa vitambaa vyake mfukoni akaanza kuvifunga upya. Cheupe. Bluu. Chekundu alikikaza kwa meno, maana vidole vilikuwa vinauma. Beseni la chekundu akalijaza mafuta ya taa, akatafuta kwenye gunia springi nyingine za aina ile ile, zimeshika kutu hadi ndani ya mikunjo. Akachukua brashi. Moja moja, kwa subira.

Kivuli kikamwangukia. Hakuhitaji kuinua macho, alizijua zile ndala.

"Mama watoto, habari za asubuhi?" Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa na tahadhari, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama umefungwa. Kule kwa wachomeleaji kelele zilikatika ghafla. Wote walikuwa wameinua miwani, wanangoja kuona kama Mama Siki amerudi kwenye kimya chake.

Mama Siki aliipuliza springi, akaikagua kwenye mwanga, akaiona bado ina wekundu kwenye pindo la mwisho.

"Nzuri," alijibu, kama anavyomjibu mteja yeyote. "Njoo mchana. Hazijawa tayari."

Akairudisha kwenye mafuta, akaendelea kupiga brashi.